Kifaa cha Hifadhi cha Nyumbani Kimegoma Kuwaka: Mwongozo Kamili wa Kutafuta na Kurekebisha Tatizo la Linux

Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye kisanduku kidogo cha hifadhi kinachoendeshwa na Linux, kiwe cha kiwandani chenye nafasi ya diski moja au mbili, au ubao mdogo kama Raspberry Pi uliofungwa diski ya USB. Jana kilikuwa kinafanya kazi. Leo taa zinawaka, feni inazunguka, lakini hakionekani kwenye mtandao.

Wengi wanaokwama hapa hukwama kwa njia ileile: wanasakinisha mfumo upya. Tatizo likiwa ni mstari mmoja wa faili `/etc/fstab` (orodha ya diski ambazo Linux hupachika inapowaka), wamefuta mfumo mzima bure. Likiwa ni diski inayokufa, usakinishaji ule unaimalizia kabisa.

Kuna njia bora. Linux haiwaki kwa mkupuo mmoja. Inapita vituo vinavyofuatana: umeme, kisha butiloda (programu ndogo inayopakia Linux; kwenye vifaa hivi mara nyingi ni U-Boot), kisha kerneli (kiini cha Linux), kisha patisheni ya mzizi (sehemu ya diski yenye mfumo), kisha huduma na mtandao. Kila kituo huacha maneno yake. Kazi yako ni kujua kituo cha mwisho kilichosema kitu, halafu urekebishe hapo tu. Mengine yote yaache kama yalivyo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta nyingine yenye Linux. Flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa inatosha.
- Adapta ya USB ya kusomea konsoli ya seriali (njia ya nyaya ambayo kifaa hutolea maneno yake), ya volti 3.3. Zenye chipu ya FTDI, CP2102 au CH340 hupatikana kwa urahisi.
- Nyaya tatu ndogo za kuunganisha pini.
- Multimita.
- Kebo au doki ya kubadilisha SATA kuwa USB. Kwa diski za inchi 3.5 iwe na umeme wake.
- Diski nyingine yenye nafasi inayozidi ile unayotaka kuokoa.
- Kebo ya mtandao.
- Programu hizi kwenye kompyuta: `picocom`, `smartmontools`, `gddrescue`, `mdadm`, `e2fsprogs`.

Andaa pia daftari. Kila amri utakayoandika na kila ujumbe utakaouona, uandike. Baada ya saa mbili za kuhangaika hakuna anayekumbuka thamani ya awali ilikuwa ipi.

## Mambo manne usiyafanye

Usikubali kifaa "kikiandaa" diski. Kisanduku cha kiwandani kikishindwa kusoma diski huweza kupendekeza kuziumbiza (format). Ukikubali, data imekwenda.

Usiandike `mdadm --create` juu ya diski zenye data. Amri hiyo huunda RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) mpya. Haifufui ya zamani.

Usiendeshe `fsck` (programu ya kukagua mfumo wa faili) ya kurekebisha kwenye diski mgonjwa. Inaandika, na diski inayokufa haitakiwi kuandikwa. Nakala kwanza.

Usichanganye mpangilio wa diski. Kabla ya kuzitoa, bandika karatasi yenye namba ya nafasi juu ya kila moja.

## Hatua ya 1: Ondoa shaka ya umeme

Zima kifaa, toa diski zote, kiwashe kikiwa kitupu. Kikionyesha dalili za uhai ambazo hazikuwepo (taa zikabadilika, kikapata anwani ya IP), shuku adapta ya umeme au mojawapo ya diski.

Sababu yake ni hii: diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huweza kuvuta hadi ampea 2 hivi kwenye laini ya volti 12, kwa sekunde chache. Diski mbili zikianza pamoja, adapta iliyochoka inashindwa, volti zinashuka, ubao unajiwasha upya, na mzunguko unajirudia bila kikomo. Ukipima adapta ikiwa haina mzigo, multimita itasoma 12 safi na kukudanganya. Pima wakati diski zinaanza kuzunguka. Volti zikiporomoka ghafla, badilisha adapta kwa nyingine ya volti zilezile na ampea sawa au zaidi.

Kwenye Raspberry Pi, kerneli yenyewe hulalamika kwa maneno `Under-voltage detected!` ndani ya `dmesg` (logi ya kerneli). Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na diski ya USB isiyo na umeme wake inakula humohumo. Ukiona ujumbe huo, acha kutafuta kosa kwenye programu mpaka umeme utulie.

Umefanikiwa ukiona: kifaa hakijizimi wala kujiwasha upya kwa dakika tano mfululizo, diski zikiwa ndani.

## Hatua ya 2: Pima afya ya diski, kisha chukua nakala

Unganisha diski kwenye kompyuta kwa kebo ya SATA hadi USB. Tafuta jina lake kwa `lsblk`, kisha:

```
sudo smartctl -a -d sat /dev/sdX
```

Badala ya `sdX` weka jina halisi. Soma safu nne tu:

- 5 (sekta zilizohamishwa), 197 (sekta zinazosubiri) na 198 (zisizosomeka): thamani ghafi ikizidi sifuri na kuendelea kupanda, diski inakufa.
- 199 (makosa ya CRC, yaani data iliyoharibika njiani): hii kwa kawaida ni kebo au kiunganishi, wala si diski. Badilisha kebo, uangalie kama namba imesimama. Hairudi sifuri, la muhimu ni isiongezeke.

Diski ikiwa mgonjwa, nakala haina mjadala. Ikiwa nzima lakini ina data usiyoweza kuipata tena, nakala pia haina mjadala.

```
sudo ddrescue -n /dev/sdX /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdX /mnt/nakala/diski.img /mnt/nakala/diski.map
```

Mkupuo wa kwanza unachukua yote yanayosomeka kwa urahisi bila kung'ang'ania sehemu mbovu. Wa pili unarudi kwenye zilizobaki na kujaribu mara tatu. Faili ya `.map` ndiyo kumbukumbu ya kazi: umeme ukikatika, rudia amri ileile nayo itaendelea ilipoishia. Usiifute.

Onyo: soma majina mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Chanzo kinatangulia, mwisho unafuata. Ukivigeuza, unaweza kuandika juu ya diski uliyotaka kuiokoa.

Umefanikiwa ukiona: `ddrescue` imemaliza na jumla ya makosa ni sifuri au ndogo sana. Sasa unaweza kufanya majaribio bila woga.

## Hatua ya 3: Fungua konsoli ya seriali

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo yenye majibu. Kifaa kisicho na skrini hakikosi la kusema. Kinasema kupitia pini nne ndogo kwenye ubao. Bila hizo unabahatisha.

### Kutambua pini

Fungua kasha na utafute pini nne (au matundu manne) zilizopangwa mstari, mara nyingi karibu na ukingo wa ubao. Zisipokuwa na maandishi, multimita itakuonyesha.

1. Kifaa kikiwa kimezimwa, weka multimita kwenye kipimo cha mlio. Ncha moja iguse chuma cha soketi ya USB, nyingine iguse pini moja baada ya nyingine. Itakayolia ni GND (ardhi ya umeme).
2. Washa kifaa, pima volti kati ya GND na pini zilizobaki. Inayosimama imara kwenye 3.3 tangu mwanzo huenda ni VCC (umeme). Inayokaa karibu na 3.3 lakini ikichezacheza sekunde za mwanzo za kuwaka ni TX, kwa kuwa hapo ndipo maneno yanapotoka.
3. Iliyobaki ni RX, inayopokea maneno.

Kwenye Raspberry Pi huna haja ya kutafuta: GND ni pini ya 6, TX ni ya 8, RX ni ya 10. Ila ongeza `enable_uart=1` kwenye faili `config.txt` iliyo katika patisheni ya kwanza ya kadi.

### Kuunganisha

GND kwa GND. TX ya kifaa iende RX ya adapta, na RX ya kifaa iende TX ya adapta. VCC usiiunganishe kabisa. Kifaa kina umeme wake, na kuulisha ubao kwa njia mbili ni kuutafutia madhara. Usitumie pia adapta ya volti 5, wala ile ya RS-232 ya kompyuta za zamani. Volti zake zinaunguza chipu.

```
picocom -b 115200 --logfile kuwaka.log /dev/ttyUSB0
```

Ukikataliwa ruhusa, jiongeze kwenye kundi `dialout` au tumia `sudo`. Kutoka ni Ctrl-A kisha Ctrl-X. Anza `picocom` kwanza, ndipo uwashe kifaa, usipitwe na mistari ya mwanzo.

Kasi ya 115200 inafaa kwa vifaa vingi. Bao nyingi za Rockchip hutumia 1500000, na hapo CP2102 ya kawaida haifiki. Tafuta adapta yenye chipu ya FTDI.

### Ukiona kasoro

- Kimya kabisa: geuza TX na RX. Ikiwa bado, angalia GND.
- Herufi za ajabuajabu: kasi si sahihi, au GND imelegea.
- Unasoma lakini huwezi kuandika: waya wa TX wa adapta haujagusa vizuri, au programu imewashwa udhibiti wa mtiririko wa kifaa. Uzime.

Umefanikiwa ukiona: maneno yanayosomeka yakishuka, na kwenye kifaa chenye U-Boot, mahali fulani `Hit any key to stop autoboot` na sekunde zinazohesabika kurudi nyuma.

Acha kifaa kiwake chenyewe mara moja hadi kitakapokwama. Kisha fungua `kuwaka.log` na usome mistari ishirini ya mwisho. Hapo ndipo utajua uende hatua ipi kati ya zinazofuata.

## Hatua ya 4: Kimekwama ndani ya U-Boot

Washa tena, bonyeza kitufe chochote sekunde zikihesabika. Ukipata alama ya `=>` au inayofanana nayo, jambo la kwanza kabla ya lolote ni:

```
printenv
```

Yote yatakayotoka yameingia kwenye logi yako. Hiyo ndiyo nakala rudufu ya mazingira ya U-Boot (mipangilio yake), na siku moja itakuokoa.

Ukiona mapema `Warning - bad CRC, using default environment`, mazingira yaliyohifadhiwa yameharibika na U-Boot inatumia yale ya kiwandani. Mipangilio yote uliyowahi kuweka haipo, pengine hata anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao). Irudishe kutoka kwenye kumbukumbu zako. Ya MAC mara nyingi imeandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa.

Kisha uliza kama U-Boot inaiona diski. Amri inategemea umri wa U-Boot: `ide reset` kwa za zamani, `sata init` au `scsi scan` kwa nyingine, `usb start` kwa diski za USB. Diski isipotajwa, rudi hatua ya 1 na 2. Ikitajwa, jaribu kuorodhesha faili:

```
ext4ls usb 0:1 /
```

Hapa kuna kosa moja linalowakamata watu wengi, na sababu yake haionekani kwa macho. Unaumbiza diski mpya kwenye kompyuta ya kisasa, unanakili kila kitu sawasawa, kompyuta inaisoma vizuri, lakini U-Boot inasema haioni faili. Tangu toleo la 1.43 la e2fsprogs, `mkfs.ext4` huwasha vipengele `64bit` na `metadata_csum` bila kuulizwa. U-Boot ya zamani haivijui. Tengeneza patisheni ndogo ya kuwashia, ya kuweka kerneli tu, bila vipengele hivyo:

```
sudo mkfs.ext4 -O ^64bit,^metadata_csum /dev/sdX1
```

Au tumia ext2 kabisa. Patisheni ya mzizi inaweza kubaki ext4 kamili, maana hiyo inasomwa na kerneli.

Hali ni hiyohiyo kwa RAID: U-Boot haijui RAID ni nini. Kama kerneli iko ndani ya RAID1 (diski zenye nakala ileile), metadata, yaani maelezo ya RAID yenyewe, iwe ya toleo 0.90 au 1.0, ambayo hukaa mwishoni mwa patisheni. Toleo 1.2 hukaa karibu na mwanzo, na kwa U-Boot patisheni hiyo ni takataka.

Ujumbe `Wrong Image Format for bootm command` maana yake umeipa `bootm` faili isiyo ya aina yake. `bootm` hutaka picha yenye kichwa cha U-Boot. `bootz` hutaka zImage tupu. Kwenye Debian kazi hii hufanywa na `flash-kernel`, hivyo mtu akinakili kerneli kwa mkono akaiacha, tatizo ndilo hili.

Kanuni ya hatua hii: jaribu kwa `setenv`, usiandike `saveenv`. Mabadiliko ya `setenv` yanakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukikosea, zima na uwashe, yote yamerudi. Andika `saveenv` pale tu kifaa kitakapokuwa kimewaka hadi mwisho kwa thamani hizo mpya. Na amri zinazoanza na `nand erase` au `sf erase` usiziguse ila uwe unajua hasa unafuta anwani zipi. Ukifuta U-Boot yenyewe, kazi inayokungoja ni ya kiwango kingine.

Umefanikiwa ukiona: `Starting kernel ...`

## Hatua ya 5: "Starting kernel ..." halafu kimya

Kimya hiki kina maana tatu, na ya kwanza haina madhara yoyote.

Kerneli inaongea kwingine. Kigezo cha `console=` kinataja bandari isiyo sahihi. Kwenye vifaa vingi vya Marvell huwa `ttyS0`, kwenye i.MX mara nyingi ni `ttymxc0`, kwenye bao nyingi za Rockchip ni `ttyS2`. Subiri dakika tatu na uangalie kama kifaa kimetokea kwenye mtandao. Kikitokea, rekebisha `console=` ndani ya `bootargs` (vigezo ambavyo U-Boot huipa kerneli) na umemaliza.

Faili ya DTB si ya ubao wako, au haikupakiwa. Faili hii ndiyo inayoieleza kerneli ubao una nini na kiko wapi. Hakikisha jina lake linalingana na modeli ya ubao wako na kwamba imetoka kwenye kerneli ileile.

Faili zimekanyagana kwenye kumbukumbu. Kerneli mpya ni kubwa kuliko ya zamani, lakini anwani ya kupakia initramfs (mfumo mdogo wa muda unaoandaa mzizi) haikubadilishwa, hivyo mwisho wa kerneli unafunikwa. Linganisha ukubwa U-Boot inaoutaja wakati wa kupakia na nafasi iliyo kati ya anwani hizo mbili. Hili hutokea sana baada ya sasisho, na humfanya mtu adhani toleo jipya ni bovu.

Ikiwa bado ni kimya, ongeza `earlycon` kwenye `bootargs`. Kwenye bao nyingi kerneli huanza kuandika mapema zaidi.

## Hatua ya 6: Kerneli imewaka lakini haioni mzizi

Ujumbe wenyewe ni huu:

```
Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)
```

Tazama namba kwenye mabano. `(0,0)` ina maana kerneli haikupata kifaa chochote kinacholingana na ulichoandika kwenye `root=`. `(8,1)` ina maana imeiona `sda1`, ila imeshindwa kuisoma: mfumo wa faili umeharibika, au kerneli haina dereva wake. `(179,2)` ni patisheni iliyo kwenye kadi ya SD au eMMC. Namba hizo mbili pekee zinakuambia kama utafute kosa la jina au kosa la diski.

Kwa `(0,0)`, kagua haya kwa mfuatano huu:

1. Diski imechelewa. Diski za USB huchukua sekunde kadhaa kuamka. Ongeza `rootwait` kwenye vigezo vya kerneli.
2. Jina limebadilika. `sda` ya jana huweza kuwa `sdb` leo kwa sababu tu umechomeka flashi. Acha majina hayo, tumia kitambulisho.
3. Umetumia `UUID=` bila initramfs. Hili ndilo kosa la kawaida mno. Kerneli yenyewe inaelewa `PARTUUID=`, lakini `UUID=` hutafsiriwa na initramfs. Kama huna initramfs, andika `root=PARTUUID=...` kwa thamani unayoipata kwenye `blkid`.

Kwenye Raspberry Pi vigezo hivi viko kwenye `cmdline.txt`. Faili hiyo lazima ibaki mstari mmoja. Ukibonyeza Enter katikati, yaliyo mstari wa pili hayasomwi.

Badala ya panic unaweza kuangushiwa alama ya `(initramfs)` pamoja na neno `ALERT!` na kitambulisho kisichopatikana. Hiyo ni nafuu, maana una ganda (shell, mahali pa kuandika amri) la kufanyia kazi. Andika `cat /proc/cmdline`, kisha `blkid`, ulinganishe. Wakati mwingine diski imeshatokea ukiwa unasoma. Andika `exit` na mfumo utaendelea. Mfumo ukiendelea, dawa ya kudumu ni `rootdelay=10`.

## Hatua ya 7: "Emergency mode" na mstari mmoja wa fstab

Kama ningeruhusiwa kukagua jambo moja tu kwenye kifaa kilichogoma baada ya mtu kuongeza au kutoa diski, ningefungua `/etc/fstab`. systemd (programu inayowasha huduma za Linux) husubiri sekunde 90 kwa kila diski iliyotajwa humo. Isipotokea, haiendelei: inaingia hali ya dharura, mtandao hauwaki, na kwa aliye nje kifaa kimekufa. Kumbe kiko hai, kinasubiri nenosiri kwenye konsoli.

Ukiona `Give root password for maintenance`, ingia na uandike:

```
mount -o remount,rw /
blkid
nano /etc/fstab
```

Linganisha kila UUID ya fstab na orodha ya `blkid`. Isiyopatikana, weka `#` mbele yake. Diski ya data iandikwe hivi:

```
UUID=kitambulisho-chake  /srv/data  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=30s  0  2
```

`nofail` ndilo neno linaloruhusu kifaa kuwaka hata diski ikikosekana. Usiliweke kwenye patisheni ya mzizi. Hiyo lazima iwepo.

`nofail` ina hatari yake inayosahaulika. Diski isipopachikwa, folda `/srv/data` bado ipo, tupu, juu ya mfumo. Programu ya kunakili itaendelea kuandika humo mpaka kadi ndogo ya mfumo ijae. Zuia hilo mara moja, diski ikiwa haijapachikwa:

```
chattr +i /srv/data
```

Sasa hakuna kinachoweza kuandikwa humo mpaka diski halisi ije juu yake.

Ukimaliza kuhariri, usiwashe upya kwa kubahatisha. Kagua kwanza:

```
findmnt --verify
systemctl daemon-reload
mount -a
```

Akaunti ya root ikiwa imefungwa utaambiwa `Cannot open access to console, the root account is locked`. Kama kadi au diski ya mfumo inatoka, ipeleke kwenye kompyuta na uhariri fstab huko. Isipotoka, simamisha U-Boot na uongeze `init=/bin/bash` mwishoni mwa vigezo vya kerneli. Utaingia moja kwa moja kwenye ganda: fanya `mount -o remount,rw /`, hariri, andika `sync`, kisha zima na uwashe. Angalia kwanza kama `bootcmd` yako (amri ambazo U-Boot huendesha kuwasha kifaa) haiandiki `bootargs` upya. Ikiwa inaandika, nyongeza yako iingie kwenye kigezo inachokitumia.

## Hatua ya 8: RAID haijijengi

Anza kwa kutazama:

```
cat /proc/mdstat
sudo mdadm --examine /dev/sdX3 | grep -E 'Events|Device Role|Array State'
```

Fanya hivyo kwa kila diski. Namba ya `Events` zikilingana, diski zote zina hali moja. Moja ikiwa nyuma sana, hiyo iliachwa zamani na data yake ni ya siku hizo. Iache nje, jenga kwa iliyo mbele, uirudishe baadaye kwa `--add`.

Ukiwa kwenye kompyuta ya uokoaji, jenga bila kuandika:

```
sudo mdadm --assemble --scan --readonly
sudo mount -o ro,noload /dev/md127 /mnt/okoa
```

`noload` inazuia ext4 kurudia jarida lake (kumbukumbu ya mabadiliko ambayo hayajakamilika), jambo ambalo ni kuandika.

Jina `md127` ndilo linaloshangaza wengi: walitarajia `md0`. Hutokea pale `mdadm.conf` iliyo ndani ya initramfs haijaitaja RAID hiyo. Kwenye kifaa chenyewe, kikishawaka:

```
mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf
update-initramfs -u
```

Ifungue faili na ufute mistari inayojirudia. Ukisahau `update-initramfs`, jina litarudi kuwa lile lile.

Ukipata `bad block size 65536`, diski haijaharibika. Baadhi ya visanduku vya kiwandani viliumbiza ext4 kwa bloki za KB 64, na kompyuta ya kawaida yenye kurasa za KB 4 kwa kerneli nyingi haiwezi kuzipachika. Isome kwa `fuse2fs -o ro` na data itaonekana.

## Hatua ya 9: Kimewaka, lakini mtandaoni hakipo

Ingia kwa konsoli, andika `ip a`. Mara nyingi ni moja kati ya haya matatu: jina la kadi ya mtandao limebadilika baada ya sasisho (`eth0` imekuwa `end0` au `enp1s0`) huku mipangilio ikitaja la zamani, anwani ya MAC imebadilika na ruta imekupa IP nyingine, au programu mbili zinagombania kadi moja, kwa mfano `/etc/network/interfaces` na NetworkManager kwa pamoja. Chagua moja, zima nyingine.

Angalia pia saa kwa `date`. Vifaa vingi vidogo havina betri ya saa, hivyo vikizimwa hurudi tarehe ya nyuma. Vyeti vya usalama hukataliwa na `apt` hulalamika kwamba faili ya Release bado haijaanza kutumika. Sakinisha `fake-hwclock` na uhakikishe `systemd-timesyncd` inafanya kazi.

## Hatua ya 10: Jaribio la mwisho

Kifaa kilichowaka ukiwa umeshika konsoli bado hakijathibitika. Chomoa nyaya za seriali, kizime vizuri, toa umeme kwa dakika moja, kirudishie umeme, usikiguse. Kikitokea chenyewe kwenye mtandao, ingia kwa ssh:

```
systemctl is-system-running
systemctl --failed
findmnt /srv/data
cat /proc/mdstat
journalctl -b -p err
```

Unataka `running` kwenye ya kwanza, sifuri kwenye ya pili, diski yako kwenye ya tatu, na `[UU]` kwa RAID1 ya diski mbili. `[U_]` inamaanisha diski moja haipo, usilale nayo. Kwenye ya mwisho, makosa ya `ata` au `I/O error` yanakurudisha hatua ya 2 siku hiyohiyo.

Rudia jaribio mara ya pili, maana diski iliyowahi kuamka mara moja inaweza kuchelewa mara ijayo. Vikipita vyote viwili, nakili logi ya `printenv`, `/etc/fstab`, `/etc/mdadm/mdadm.conf` na matokeo ya `blkid` uyaweke kwenye kompyuta nyingine, nje ya kifaa hiki.